Maswali ya Wasomaji: Dawa za Kutuliza Kinga ya Mwili na Matibabu ya Meno

Barua nyingi zilizotufikia siku za karibuni zimetoka kwa watu wanaougua baridi yabisi, lupasi na maradhi mengine ya jamii hiyo, ambamo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Waandishi wa barua hizo hawaulizi juu ya viungo vyao wala ngozi zao, bali juu ya meno: wamekataliwa kung'olewa jino, wamepewa dawa ya fizi iliyogongana na dawa zao za kila siku, au wamekaa na maumivu kwa sababu hawajui ni daktari yupi wa kumuuliza. Tumechagua barua sita na kuzifupisha. Majibu ni ya daktari wa meno anayeandika safu hii, na hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu, ambaye ndiye mwenye faili na vipimo vyako.

Shikamoo daktari. Nina baridi yabisi, natumia vidonge sita vya methotreksati kila Ijumaa, vidonge vya foliki, na prednisoloni ya miligramu 5 kila asubuhi. Gego langu la chini limeoza na linauma hadi sikioni. Nilipokwenda kuling'oa niliambiwa niache dawa zote kwa mwezi mmoja ndipo nirudi. Dada yangu anasema nikiziacha sitaweza hata kusimama. Halafu vidole vyangu vimepinda, mswaki unaniponyoka. Nifanyeje? — Mama Neema, Morogoro

Marahaba, Mama Neema, na pole sana kwa maumivu. Dawa hizo usiziache. Kung'oa gego moja kwa ganzi ya sindano ni kazi ndogo, na kwa mgonjwa ambaye vipimo vyake vya damu vya karibuni viko sawa, hakuna sababu ya kumwachisha methotreksati. Hofu ya aliyekuambia usubiri naielewa, kwa sababu dawa hii hupunguza nguvu ya kinga, na mtu hudhani kwamba tundu la jino litaingia usaha na kukataa kupona. Lakini jambo hilo limeshapimwa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulifuatilia wagonjwa 388 wa baridi yabisi waliofanyiwa upasuaji wa mifupa, kazi kubwa mno kuliko kung'oa jino. Walioendelea na methotreksati walipata maambukizi au matatizo mengine ya upasuaji kwa asilimia 2, walioachishwa kwa asilimia 15, na wale ambao hawakuwa wakiitumia kabisa kwa asilimia 10.5. Kuiacha kwa mwezi kunaweza pia kuuamsha ugonjwa wenyewe, na ukishaamka huhitaji prednisoloni nyingi zaidi ili utulie, na prednisoloni nyingi ndiyo hasa inayochelewesha vidonda kupona. Muda wote huo jino bovu linabaki kinywani na usaha wake. Kwa mtu ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa, usaha uliofungiwa ndani ya taya unanitia wasiwasi zaidi kuliko tundu safi lililoachwa na jino.

Kitu cha kwanza nenda na majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu pamoja na kile cha ini na figo. Mtumiaji wa methotreksati hupimwa mara kwa mara, kwa hiyo huenda majibu ya karibuni unayo tayari kwenye kadi ya kliniki. Daktari wa meno ataangalia chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu na chembe sahani zinazogandisha damu, na zikiwa za kutosha atang'oa. Ila ukiwa na homa, shavu limevimba au unashindwa kufungua kinywa, hali ni nyingine: hapo panahitajika matibabu ya haraka ya maambukizi, na daktari wako wa viungo anaweza kukwambia uruke dozi ya Ijumaa hiyo hadi maambukizi yatulie. Uamuzi huo ni wake, si wako wala wa jirani.

Kuhusu prednisoloni nitasema kwa msisitizo zaidi. Juu ya figo zako kuna tezi mbili za adrenali ambazo kila siku hutengeneza homoni ya kuuwezesha mwili kuhimili msukosuko. Mtu akitumia prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hizo hupunguza kazi au hulala kabisa, kwa sababu mwili unapata homoni hiyo kutoka nje. Dawa ikikatwa ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Mwaka 1948 ndipo kotisoni, dawa ya ukoo mmoja na prednisoloni, ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kutibu baridi yabisi katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, na mwaka 1950 wagunduzi wake wakapewa Tuzo ya Nobel. Miaka miwili baada ya tuzo hiyo, madaktari wa Marekani walichapisha habari ya mgonjwa wa baridi yabisi aliyeachishwa kotisoni kabla ya upasuaji wa nyonga. Alifariki muda mfupi baada ya upasuaji, na tezi zake zilikutwa zimesinyaa. Basi siku ya kung'olewa jino kunywa kidonge chako kama kawaida, kula kifungua kinywa, na uombe miadi ya asubuhi. Kwa jino moja na ganzi ya sindano huhitaji dozi ya ziada, lakini kwa upasuaji mkubwa, kwa usingizi kamili au ukiwa na homa kali, madaktari huongeza dozi kwa muda.

Baada ya kung'oa, parasetamoli ndiyo dawa salama zaidi kwako ya kutuliza maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupunguza kasi ya figo kutoa methotreksati, kwa hiyo usiziongeze bila daktari wako kujua. Kama alishakuandikia mojawapo, usizidishe. Dawa ya kuikataa kabisa ni Septrin, mojawapo ya dawa za kuua bakteria. Ikikutana na methotreksati inaweza kuangamiza uzalishaji wa damu ndani ya uboho, na kwa kuwa inapatikana karibu kila duka la dawa, jina lake ulikariri. Amoksilini inaweza kutumika kama kuna sababu ya kweli, lakini usipewe kwa mazoea tu.

Kuhusu mswaki, chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe kwenye mpini mara kadhaa hadi unene uenee kiganjani, kisha kifunge kwa uzi imara. Mpini mnene hauhitaji vidole vikunjwe sana, na mpira hautelezi ukilowa. Ukikaa kwenye kiti mwambie pia daktari kama shingo yako inauma, ili asiilaze nyuma kwa nguvu, maana baridi yabisi ya miaka mingi hulegeza kano zinazoshika mifupa ya juu ya shingo.

Daktari, kwa siku nane sasa kinywa changu kimejaa vidonda, siwezi kula hata uji. Nilibadilisha duka la dawa, na pakiti mpya ya methotreksati imeandikwa 1 × 1, yaani kidonge kimoja kila siku. Zamani nilikuwa nakunywa mara moja kwa wiki. Naomba dawa ya kusukutua. — Msomaji wa Mwanza

Barua hii haikungoja zamu yake ya kuchapishwa. Msomaji alipigiwa simu siku ilipofika na kuambiwa asimeze kidonge kingine, aende hospitali saa hiyo hiyo akiwa na pakiti mkononi. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine. Methotreksati ya kutibu baridi yabisi, lupasi au soriasi humezwa mara moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku ni sumu, na imewahi kuua watu katika nchi zenye hospitali nzuri kuliko zetu. Dalili ya mwanzo mara nyingi huonekana kinywani, kwa sababu ngozi laini ya ndani ya mashavu na midomo hujijenga upya haraka na dawa hii huzuia ujenzi huo. Vidonda vya namna hiyo havitibiwi kwa maji ya kusukutua. Hospitalini mgonjwa hupimwa damu na kupewa asidi ya foliniki, ambayo ndiyo kinyume cha sumu hiyo.

Hata anayemeza dozi yake sawasawa anaweza kupata kidonda kimoja au viwili vidogo, na mara nyingi foliki iliyoandikwa vizuri humpunguzia. Lakini vidonda vingi vikitokea pamoja na homa, koo kuuma, madoa mekundu ya ngozi au fizi zinazovuja damu bila kuguswa, kapime picha kamili ya damu siku hiyo hiyo. Na mwambie mwuza dawa aandike jina la siku kwenye pakiti, kwa maneno: IJUMAA TU.

Assalaam alaikum daktari. Mke wangu ana lupasi. Anatumia haidroksiklorokwini, prednisoloni, na warfarini kwa sababu aliwahi kuganda damu mguuni. Alipata utando mweupe kinywani, tukauziwa jeli ya mikonazoli ya kupaka. Baada ya siku tano fizi zake zinatoa damu na mto unalowa usiku. Je, ni lupasi imepanda? Pia kaakaa lake limekuwa na rangi ya kijivu. — Salim, Mombasa

Waalaikum salaam, ndugu Salim. Mwachishe jeli hiyo leo na umpeleke hospitali leo hii akapimwe INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Sidhani kwamba ni lupasi. Watu wengi, wakiwamo wauza dawa, huamini kwamba jeli ya kupaka mdomoni inabaki mdomoni. Mikonazoli humezwa na mate, huingia katika damu, na hulizuia ini lisiivunje warfarini, dawa yake ya kuzuia damu isigande. Warfarini hurundikana, na INR, ambayo kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, hupanda hadi mtu akavuja damu bila jeraha. Athari hiyo haiishi mara jeli inapoachwa, kwa hiyo kipimo kirudiwe baada ya siku chache kama daktari atakavyoelekeza. Flukonazoli ya vidonge ina tatizo hilo hilo. Utando huo wa fangasi, ambao kwa mtumiaji wa prednisoloni ni jambo la kawaida, utibiwe kwa matone ya nistatini, ambayo hayaingii katika damu kwa kiasi cha kuhesabika: ayashike kinywani kwa muda mrefu kadiri awezavyo kisha ameze, mara nne kwa siku baada ya kula. Kama ana meno ya bandia, ayavue usiku na kuyasafisha, la sivyo fangasi watarudi.

Metronidazoli nayo ni ya kuogopwa katika nyumba yenye warfarini. Kwetu pwani na bara imekuwa desturi kumpa kila aliyeng'olewa jino amoksilini na metronidazoli pamoja, liwe na usaha au lisiwe nao. Desturi hiyo siikubali hata kwa mtu mzima wa afya, sembuse kwa mke wako, kwani metronidazoli hupandisha INR kama mikonazoli. Aspirini na diklofenaki nazo humwongezea hatari ya kuvuja damu, na kwa mgonjwa wa lupasi diklofenaki ni mzigo mwingine juu ya figo ambazo huenda ugonjwa umeshazigusa.

Siku akihitaji kung'oa jino, warfarini isiachwe. Damu iliyoganda mguuni ikihamia kwenye mapafu, au nyingine ikiganda kichwani, huua, ilhali damu ya tundu la jino huzuilika. INR ipimwe ndani ya saa 24 kabla ya kazi. Ikiwa chini ya 4, daktari anaweza kung'oa, kisha ashone fizi, aweke kizibo cha kugandisha damu ndani ya tundu, na mgonjwa aume shashi kwa nusu saa akiwa bado kwenye kiti cha kliniki. Chagueni asubuhi ya siku za mwanzo wa wiki, ili akivuja damu baadaye mpate pa kwenda.

Rangi ya kijivu kwenye kaakaa inaelekea kuwa ya haidroksiklorokwini, ambayo ni jamaa wa klorokwini iliyokuwa ikitibu malaria. Hailetei kinywa madhara, lakini mwonyeshe daktari ili ahakikishe, na umuulize kama mke wako amepimwa macho, kwa sababu dawa hiyo ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kuharibu retina.

Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 71. Prednisoloni ilinidhoofisha mifupa, nikaandikiwa alendronati kila Jumapili, sasa ni mwaka wa sita. Daktari wa meno aliposikia hivyo akasema taya litaoza akining'oa. — Bibi wa Tanga

Shikamoo bibi. Anachokihofia kipo, lakini ni nadra kwa wanaomeza vidonge kwa ajili ya mifupa iliyodhoofika. Tangu mwaka 2003 madaktari wamekuwa wakiripoti wagonjwa ambao, baada ya kung'olewa jino wakiwa kwenye dawa za jamii ya alendronati, mfupa wa taya ulibaki wazi bila kufunikwa na fizi kwa zaidi ya wiki nane. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani waliochomwa dozi kubwa za mshipani. Kwako miaka sita pamoja na prednisoloni inaongeza hatari kidogo, kwa hiyo jino linaloweza kuokolewa kwa kutibu mzizi liokolewe, na lisilookoleka ling'olewe kwa upole, kisha uangaliwe hadi fizi ifunge. Kukuacha na jipu la jino kwa kuogopa jina la dawa si tiba. Kidonge chenyewe kimeze na glasi nzima ya maji na ukae wima kwa nusu saa. Kikiyeyukia mdomoni huchoma.

Daktari, nina ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga hushambulia tezi za mate na machozi, na mate yameisha. Nafundisha darasani, kwa hiyo nakuwa na pipi au ubuyu mdomoni siku nzima ili niweze kuongea. Meno yananioza shingoni, pale yanapokutana na fizi. Nimepewa pia amitriptilini ya usingizi. — Mwalimu, Zanzibar

Mwalimu, ubuyu ndio unaokuibia meno. Ule wa rangi nyekundu umefunikwa sukari, na tunda lenyewe ni chachu. Vyote viwili vikikaa kwenye jino lisilooshwa na mate hulila haraka, tena mahali hapo hapo ulipopataja, ambapo jino halina gamba nene. Badala yake beba chupa ya maji na utafune ubani usio na sukari. Amitriptilini hukausha mate, kwa hiyo muulize aliyekuandikia kama ipo dawa nyingine ya kukufaa. Kama tezi zako za mate bado zina uwezo kidogo, vidonge vya pilokapini vya miligramu 5 huzichochea zitoe mate. Hutoa jasho jingi, na wenye pumu isiyotulia hawapewi. Haidroksiklorokwini huandikwa kwa maumivu ya viungo yanayoandamana na ugonjwa huu, lakini usiitegemee irudishe mate.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi ya angalau 1450 ppm, namba ambayo utaiona nyuma ya tyubu, kisha teme tu bila kusukutua kwa maji, ili floraidi ibaki. Daktari wa meno anaweza kukuandikia yenye 5000 ppm, na akupake vanishi ya floraidi kila baada ya miezi mitatu. Usingoje jino liume ndipo umwone.

Habari daktari. Nina miaka 28, baridi yabisi yangu haikutulia kwa methotreksati, na mtaalamu ameniambia nianze sindano za adalimumabu kila wiki mbili mara majibu ya kipimo cha kifua kikuu yatakapotoka. Fizi zinatoa damu, nina meno mawili yaliyotoboka, na nilitaka kuwekewa jino la kupandikizwa. Nianze na lipi? — Kevin, Nairobi

Nzuri, Kevin, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya sindano ya kwanza, maana wengi hutuuliza baada ya shavu kuvimba. Adalimumabu huzuia kemikali ambayo mwili huitumia kuwasha uvimbe, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayovifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Ndiyo maana umepimwa. Huweza pia kuficha dalili, usaha wa jino ukaenea bila homa kubwa ya kukustua. Kwa hiyo siku hizi za kungoja majibu zitumie kwa daktari wa meno: apige picha ya eksirei, aondoe ukoga juu na chini ya fizi, azibe yanayozibika na kung'oa yasiyo na tumaini. Lakini usiahirishe sindano kwa miezi kwa ajili ya meno. Viungo vinavyoharibika haviwi vipya tena.

Fizi zako usizichukulie kama jambo dogo la pembeni. Kijidudu cha ugonjwa wa fizi kiitwacho Porphyromonas gingivalis kina kimeng'enya kinachobadilisha protini za mwili kwa namna ile ile ambayo kinga ya mgonjwa wa baridi yabisi huishambulia, na watafiti wamekuwa wakiufuatilia uhusiano huo kwa miaka. Kusafisha fizi hakuchukui nafasi ya dawa, ila ni kuuondolea mwili uvimbe mmoja. Kama unavuta sigara, acha, kwa sababu inaharibu fizi na viungo kwa pamoja.

Ukishaanza sindano, kusafishwa na kuzibwa meno hakuhitaji mabadiliko yoyote. Jino la kupandikizwa liahirishe hadi ugonjwa utulie na fizi ziache kutoa damu. Wakati huo, kwa makubaliano ya madaktari wako wawili, kazi hiyo kwa kawaida hupangwa mwishoni mwa mzunguko wa sindano, na sindano inayofuata husogezwa mbele hadi kidonda kifunge na nyuzi zitolewe. Mwombe mtaalamu wako aandike barua yenye majina ya dawa, dozi, siku ya sindano ya mwisho na namba yake ya simu. Ipige picha uihifadhi kwenye simu yako, na uionyeshe kabla hujafungua kinywa.